Chungu cha kijijini: vyakula vya mama zetu ambavyo watoto wa Goma bado wanavihitaji



Juma hili tunaongea juu ya chakula. Si kuku wa mgeni, si wali wa harusi, si nyama ya Noeli. Tunaongea juu ya chakula cha siku zote, kile ambacho mama zetu na koko zetu walikipika Masisi, Rutshuru, Lubero, Walikale, Nyiragongo na kisiwani Idjwi, jioni baada ya jioni, bila mtu kuwapigia makofi.

Sababu ya kukiongelea iko darasani. Sisi tunaofundisha shule ya msingi tunajua, ikifika saa nne asubuhi, nani alikula nyumbani na nani hakula. Asiyekula analala juu ya benchi. Huyo kila mtu anamwona. Lakini kuna mwingine ambaye haonekani upesi: mtoto aliyekunywa chai ya sukari na mandazi mbili asubuhi, aliyekula bugali na mchuzi mwepesi jana usiku, na atakula vilevile leo. Tumbo limejaa, lakini anachoka upesi, ngozi ya ndani ya macho ni nyeupe, kidonda kidogo kinachukua majuma kupona, na somo la jana limekwisha kumtoka. Mama yake si mvivu. Amenunua anachoweza kwa franka alizopata siku hiyo.

Tuliwahi kuwaomba watoto wa darasa la nne waandike majina ya vyakula vyote vinavyotoka shambani. Watoto waliofika mjini kwa kukimbia vita waliandika mpaka ukurasa ukajaa: mateke, viazi vitamu, ulezi, mtama, majani ya maboga, mushogoro, na kadhalika. Waliozaliwa mjini wengi waliandika bugali, mchele, maharagi, sombe, wakaanza kuuma kalamu. Tukajiuliza: hawa wa mji ndio tunaodhani wamepata bahati. Lakini katika jambo hili, nani maskini?

SIKU MOJA YA KULA KIJIJINI

Wengi wetu tulikulia huko, kwa hiyo tukumbushane.

Asubuhi hakuna aliyepika sana. Mama alitoa viazi vitamu ama mateke yaliyobaki jana, akayapasha kwenye majivu, ama akakoroga uji wa mtama ama wa ulezi. Kwenye nyumba zilizo na ng'ombe, hasa huko juu Masisi, kulikuwa na maziwa, na zaidi mashanza, yale maziwa yaliyoganda ambayo mtoto anayanywa na kiazi mkononi akienda shuleni.

Mchana watu walikuwa shambani. Walikula kilichopo karibu: hindi la kuchoma, ndizi, muwa, avoka iliyoanguka. Watoto waliokuwa wakichunga walikula matunda ya porini ambayo leo hata majina yake yanapotea.

Chakula chenyewe kilikuwa cha jioni. Chungu kiliwekwa juu ya mawe matatu mapema, kwa kuwa maharagi hayaendi mbio. Katika maharagi mama alitupa ndizi mbichi, ama viazi, ama mahindi ili iwe mpungure. Juu yake aliongeza majani: lengalenga, sombe, matembele, majani ya maboga ama ya maharagi yenyewe, yale tunayoita mushogoro. Pale mihogo inapokubali, kulikuwa na bugali, ama fufu kama wengine wetu tunavyosema. Wanande wanaita obundu. Nyama ilikuwa ya siku chache sana. Samaki mdogo alikuja kutoka ziwani, akiwa mkavu, akatiwa kidogo ili mchuzi upate ladha.

Ukitazama sahani hiyo kwa macho ya mwalimu wa afya, utaona kwamba hakukosekana kitu kikubwa. Ndizi, viazi na mahindi vinatia nguvu. Maharagi yanajenga mwili. Majani yanalinda. Mawese yanaongeza mafuta na vitamini A, ile inayolinda macho. Na mahindi yakiungana na maharagi, kila kimoja kinatoa kile ambacho mwenzake amepungukiwa, hata mwili unapata karibu faida ile ambayo ungeipata kwenye nyama. Koko hakusoma jambo hilo kwenye kitabu. Alijua tu kwamba mtoto wa mpungure anakimbia.

TUSIPAKE RANGI MAMBO YA ZAMANI

Lakini tuseme kweli yote. Kijijini si kila kitu kilikuwa kizuri.

Katika nyumba nyingi baba alipewa sahani ya kwanza na nyama yote, wanaume wakubwa wakafuata, na mama na watoto wadogo wakakwangua chungu. Kulikuwa na miiko: msichana asile mayai, mwanamke asile nyama ya mbuzi, mwenye mimba asile hiki wala kile. Hivyo yule aliyebeba mtoto tumboni, aliyelima, aliyeteka maji na kuchanja kuni, ndiye aliyenyimwa chakula cha kujenga mwili. Mambo hayo hatuyalilii. Yakifa, yafe.

Kulikuwa pia na miezi ya njaa, akiba ya mavuno yaliyopita inapokwisha na maharagi mapya hayajakauka. Na kulikuwa na bwaki, ugonjwa ule wa mtoto kuvimba miguu na uso, nywele kugeuka nyekundu na kung'oka kirahisi. Madaktari wanauita kwashiorkor. Hapa Kivu umejulikana siku nyingi. Huko Lwiro, Kivu ya Kusini, watafiti waliuchunguza tangu wakati wa Wabelgiji. Bwaki ilishika hasa mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu mdogo wake anakuja, akapewa bugali la muhogo bila kitu cha kujenga mwili.

Tena, hata kile tunachoita chakula cha asili, sehemu kubwa kilikuja kutoka mbali. Maharagi, mahindi, mihogo na viazi vyote vilitoka Amerika. Ndizi asili yake ni Asia. Sambaza wa ziwa Kivu, ambaye leo tunamwona kama ndugu wa ukoo, aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo ubora wa koko zetu haukuwa kukataa vitu vipya. Walipokea kipya, wakakijaribu, wakakiweka kando ya cha zamani bila kukitupa cha zamani. Hapo ndipo hekima yao ilipokuwa, na hapo ndipo sisi tunapoteleza.

JAMBO LILILOTOKEA IRELAND

Kuna nchi moja ya Ulaya, kisiwa karibu na Uingereza, inayoitwa Ireland. Historia yake inatufaa sisi wamama wa Kivu, kwa kuwa ni historia ya kiazi.

Zamani watu wa vijiji vya Ireland walikula vitu vingi. Walikuwa na uji wa shayiri, maziwa, maziwa yaliyoganda, siagi, kabichi, na nyama kidogo wakati wa sikukuu. Yaani mtu wa Masisi angekaa nao mezani bila shida. Kisha kiazi kikafika, karibu na mwisho wa miaka ya 1500. Kilikubali ardhi yao yenye baridi na mvua. Shamba dogo sana la viazi liliweza kulisha familia nzima. Mashamba mazuri yalikuwa mikononi mwa matajiri, wengi wao wa upande wa Uingereza; ngano na ng'ombe vilitumika kulipa kodi ya ardhi. Maskini akabakiziwa kipande chake cha viazi.

Kidogo kidogo viazi vikawa chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni. Mwanaume anayefanya kazi ngumu aliweza kula zaidi ya kilo 5 kwa siku, pamoja na maziwa yaliyobaki baada ya kutoa siagi. Na kwa kweli, kwa viazi na maziwa peke yake walikuwa na afya kuliko maskini wengi wa Ulaya. Karibu watu milioni 3 wakawa wanategemea kiazi tu, na wengi walipanda aina moja tu ya mbegu, iliyoitwa Lumper.

Mwaka 1845 ugonjwa ukaingia. Majani yaligeuka meusi, viazi vikaoza ardhini na ghalani. Mwaka 1846 karibu mavuno yote yakapotea. Ugonjwa huo ni mildiu, uleule ambao wakulima wa Kibumba na Masisi wanapigana nao kila mvua ikizidi. Kwa kuwa nyumba haikuwa na kitu kingine, njaa ilikuwa kali ajabu. Mpaka mwaka 1852 watu karibu milioni 1 walikuwa wamekufa kwa njaa na magonjwa, na wengine wapata milioni 1 na zaidi walikuwa wamepanda meli kwenda Amerika na kwingineko. Mwaka 1841 nchi ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Mwaka 1851 walibaki milioni 6 na nusu. Na wakati huohuo meli zilizobeba nafaka na ng'ombe ziliendelea kutoka Ireland kwenda kuuzwa Uingereza.

Kwa hiyo ugonjwa wa kiazi peke yake haukutosha kuleta kifo kile. Maskini alikuwa amebaki na chakula kimoja, na wenye nguvu hawakumfungulia ghala. Sisi wamama hatuna funguo za ghala la nchi. Lakini kuhusu ile sehemu ya kwanza, tunaweza kufanya kitu.

NA SISI TUMEYAONA KWETU

Msidhani ni mambo ya Wazungu wa zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ugonjwa wa ndizi ulionekana Masisi. Majani yananyauka, mkungu unaiva kabla ya wakati, na ukikata ndizi ndani unakuta rangi ya kutu na maji ya njano. Wengi wanauita kirabiranya, kama wenzetu wa Rwanda. Unasambaa kwa panga lililokata mgomba mgonjwa na kukata mzima, na kwa wadudu wanaotembelea maua. Mashamba ya ndizi yaliyolisha familia na kulipa shule yaliisha mbele ya macho ya wenyewe.

Kwenye familia ambayo ndizi zilikuwa kila kitu, waliuza mbuzi, kisha wakauza shamba. Lakini aliyekuwa na mateke kwenye bonde, viazi vitamu kwenye mteremko, maharagi chini ya migomba na mihogo nyuma ya nyumba, huyo aliumia lakini alikula. Mihogo inaweza kungoja ardhini mwaka na zaidi. Mateke yanangoja pia. Viazi vitamu mtu anachimba vya leo, vya kesho vinabaki. Shamba la mchanganyiko lilikuwa ghala lisilo na mlango. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya koko ilikuwa inaendelea kukua.

MJINI MAMBO YAMEGEUKA

Goma hatuna shamba. Parseli zetu ziko juu ya mawe ya Nyiragongo. Volkano ilimwaga moto mwaka 1977, mwaka 2002 ukapita katikati ya mji mpaka ziwani, na mwaka 2021 ukafika tena pembeni mwa mji. Mahali pengi ukichimba kwa jembe unasikia mlio wa chuma kwenye jiwe. Na familia nyingi zimeacha mashamba yao kwa sababu ya vita, zinaishi kwa ndugu ama kwenye nyumba ya kukodi, tumbo likitegemea soko.

Kitu cha pili ni makala. Kijijini kuni ziliokotwa. Hapa kila jioni ni kununua. Mama anaangalia maharagi yanayohitaji saa tatu motoni, anaangalia fungu lake dogo la makala, anaamua kupika bugali na mchuzi wa haraka. Hatumlaumu. Anapiga hesabu. Mara nyingi mtoto anakosa maharagi kwa sababu moto ni ghali kuliko maharagi yenyewe. Na makala mengi yanayouzwa hapa yametoka kwenye miti ya Hifadhi ya Virunga, ile iliyoanzishwa mwaka 1925. Kwa hiyo kila gunia lina gharama nyingine ambayo watoto wetu watailipa.

Kitu cha tatu ni aibu. Tumeanza kuona mateke, ulezi na majani ya maboga kama chakula cha maskini. Mgeni akija tunaficha mpungure, tunatuma mtoto anunue soda na biskuti. Watoto wanachukua funzo hilo upesi kuliko funzo la hesabu.

Hata hivyo, vyakula viko. Nenda Kituku asubuhi mapema, mitumbwi inapofika: ndizi, nanasi na avoka kutoka Idjwi, mihogo na mboga kutoka upande wa Minova. Tazama barabara ya kutoka Kibumba, chukudu zinavyoshuka na viazi, shu na puaro. Sambaza wanauzwa kando ya ziwa, wabichi na wakavu. Chungu cha kijijini kinaweza kupikwa mjini, tukijua namna.

NAMNA YA KUPIKA BILA KUMALIZA MAKALA

Loweka maharagi usiku. Yaoshe, yafunike kwa maji mengi, asubuhi mwaga maji hayo na utie mengine. Yataiva upesi zaidi na hayatasumbua tumbo sana. Tomati tia mwishoni, maana zikitangulia maharagi yanakaza.

Tumia kikapu cha kupikia. Chukua kikapu kikubwa ama sanduku la karatoni, kizungushie ndani blanketi kuukuu, nguo za zamani ama majani makavu ya ndizi. Chemsha maharagi yaliyolowekwa kwa nguvu nusu saa nzima (usipunguze hapo, kwa sababu maharagi mabichi yana sumu inayoumiza tumbo), kisha toa sufuria motoni ikiwa imefunikwa vizuri, iweke kikapuni, ifunike juu kwa blanketi. Iache saa nne ama tano bila kufunua. Ukirudi kutoka sokoni, ichemshe tena kidogo, utaona maharagi yamelainika. Makala ya nusu saa yamefanya kazi ya saa tatu.

Pikeni pamoja. Wamama watatu wa parseli moja wakichemsha sufuria moja kubwa ya maharagi mara mbili kwa juma, kila mmoja anachukua sehemu yake, anaiunga nyumbani kwa namna yake. Kama tunaweza kuweka likelemba ya pesa, tunaweza kuweka likelemba ya moto.

Sombe usiiharakishe. Majani ya muhogo yana sumu, na kutwanga vizuri na kuchemsha kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi mwanzoni, ndiko kunakoiondoa. Na mihogo michungu lazima ilowekwe siku tatu ama nne kabla ya kukaushwa na kusagwa. Wakati wa njaa watu wanafupisha siku hizo. Huko magharibi mwa nchi yetu, sehemu za Kwango na Bandundu, watoto na wamama wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo kwa sababu ya mihogo isiyotengenezwa vizuri. Siku tatu za kulowesha si mila tu. Ni dawa.

SAHANI YA MTOTO MDOGO

Mpaka miezi 6, ziwa la mama linatosha, hata maji hayahitajiki. Baada ya hapo mtoto aanze kula, huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2 ama zaidi.

Uji wa unga wa muhogo peke yake unajaza tumbo bila kujenga mwili. Saga pamoja mahindi, mtama na soya. Huo ndio unga wengi wanaouita masoso. Sehemu mbili za mahindi, moja ya mtama na moja ya soya zinatosha. Soya ikaangwe vizuri kabla ya kusaga, kwa kuwa mbichi inasumbua tumbo. Uji uwe mzito, usidondoke kijikoni kama maji. Ongeza kijiko cha mawese ama karanga zilizotwangwa.

Sambaza wakavu wana faida kubwa kwa bei ndogo, kwa sababu wanaliwa na mifupa yao, na mifupa ndiyo inayoleta kalisi. Waoshe, waanike tena, wakaange kidogo bila mafuta, watwange mpaka wawe unga laini, uchuje. Weka kwenye kopo kavu lenye kifuniko. Kijiko kimoja kwenye uji ama kwenye maharagi ya mtoto kila siku kinafanya kazi ambayo nyama ya mara moja kwa mwezi haiwezi.

Ili damu iongezeke, maharagi na majani vinahitaji rafiki: limau, tomati mbichi, ama chungwa baada ya kula. Vinasaidia mwili kuchukua chuma kilicho ndani ya chakula. Chai inafanya kinyume chake. Kwa hiyo chai isinywewe pamoja na chakula. Ingoje saa moja ama mbili.

Na mtoto akipungua, usingoje. Kwenye kituo cha afya kuna utepe wa kupima mkono kwa watoto wa kuanzia miezi 6 mpaka miaka 5. Chini ya milimita 115 ni rangi nyekundu: apelekwe siku hiyohiyo. Kati ya 115 na 125 ni njano: hatari imekaribia. Mtoto aliyevimba miguu yote miwili apelekwe upesi hata kama mkono wake unaonekana mnene, kwa kuwa huo ni uvimbe wa bwaki, si unene wa afya.

BUSTANI JUU YA MAWE

Mwenye parseli ya mawe apande kwenye gunia. Weka gunia wima, simamisha katikati yake kopo kubwa lisilo na chini wala kifuniko, ujaze kopo kwa mawe madogo, na kando yake tia udongo uliochanganywa na mbolea ya takataka za jikoni zilizooza. Vuta kopo juu, endelea hivyo mpaka gunia lijae; utakuwa na nguzo ya mawe katikati ambamo maji yatapita mpaka chini. Toboa matundu pembeni, panda lengalenga na shu; juu panda puaro na tomati. Mwagilia maji yaliyooshea mboga, si ya sabuni. Lengalenga inaanza kuvunwa baada ya majuma matatu ama manne. Osha majani vizuri kwa maji safi kabla ya kupika; sisi wa Goma tunaijua kolera.

Gunia mbili haziwezi kulisha nyumba nzima. Lakini mama asiye na franka siku hiyo atakuwa na fungu la majani, na fungu la majani juu ya bugali ni tofauti kubwa.

MFANO WA JUMA MOJA

Hatuandiki sheria. Ni mfano tu wa nyumba yenye uwezo mdogo.

Jumatatu: ndizi na maharagi, lengalenga juu yake.
Jumanne: bugali, sombe yenye karanga, unga wa sambaza.
Jumatano: mpungure, tomati mbichi na kitunguu pembeni.
Alhamisi: viazi na maharagi yaliyobaki, shu.
Ijumaa: bugali, sambaza wa mchuzi, matembele.
Jumamosi: mateke ama viazi vitamu, maharagi, avoka.
Jumapili: mchele na maharagi, ama yai moja moja, ama kipande cha nyama kwa aliyebahatika, tunda baada ya kula.

Asubuhi, uji wa masoso badala ya chai tupu. Wenye kupata mashanza, watoto wapewe kikombe. Na jambo moja zaidi: chakula cha kujenga mwili kigawanywe kuanzia kwa mtoto mdogo, mwenye mimba na anayenyonyesha. Baba mwenye akili ataelewa. Asiyeelewa, tumwelimishe kwa upole, na kijiko kibaki mkononi mwetu.

KAZI YA VIKUNDI

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo mawili kabla ya mkutano wa mwezi ujao.

La kwanza: kaeni na mama mzee mmoja wa kartie yenu, hasa aliyekimbia kutoka kijijini. Wengi wanakaa kwenye nyumba za watoto wao wakiona kwamba hawana kazi tena, kumbe wamebeba shule nzima kichwani. Mwulizeni alipanda nini, alipika nini mwezi wa njaa, ni majani gani yanaliwa na yanapikwaje. Msichana mmoja anayesoma aandike kwenye daftari, kwa Kiswahili na pia kwa lugha ya mama huyo, kwa sababu jina likipotea, mmea nao unafuata.

La pili: kila mmoja alete mbegu moja mkutanoni, hata kama ni punje kumi za maboga ndani ya karatasi. Tutabadilishana. Haba na haba hujaza kibaba.

Siku mashamba yatakapofunguka na watu wakarudi kwao, watahitaji mbegu, na watahitaji watoto wanaojua zinaliwaje. Kazi ya kuwafundisha haingoji siku hiyo. Inaanza leo jioni jikoni, maharagi yakilowekwa kwa ajili ya kesho.